Nasaha kwa Vijana wa Seva

Wanangu mnaotunza kompyuta za watu kutoka Matisi hadi Machewa, nanyi wa Bungoma mliotoka Kibabii na vyeti vyenu mkaanza kupigiwa simu na kila mhasibu ambaye mashine yake imegoma, nina neno nanyi. Linahusu mstari mmoja katika faili moja. Nimeukuta mstari huo kwenye seva za shule, za zahanati na za vyama vya akiba, na kila nikiuliza umeandikwa na nani, naambiwa ni kijana fulani mwerevu sana, aliyemaliza kazi kabla giza halijaingia.

Faili ni /etc/libvirt/qemu.conf. Mstari wenyewe unasema: user = "root".

Najua unavyozaliwa. Shule ina programu ya karo ya zamani isiyokubali kufanya kazi ila ndani ya Windows 7, na Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Mwalimu mkuu hana pesa za programu mpya. Kijana anafikiri, tena anafikiri vizuri: anaweka Ubuntu kwenye kompyuta moja yenye nguvu, kisha ndani yake anaunda mashine pepe ya kuendeshea ile Windows ya kale. Stima ya huku mnaijua, na mashine moja juu ya UPS moja ni nafuu kuliko tatu. Mpaka hapo sina la kumlaumu. Sasa anachukua faili ya diski, tuseme win7.qcow2, aliyokuja nayo kwenye flashi, anaitupa katika folda ya mhasibu ndani ya /home, anabonyeza kuwasha. Inagoma. Skrini inaandika: Permission denied.

Saa kumi na moja jioni, na matatu ya mwisho ya kurudi mjini haimngojei mtu. Kijana anatoa simu, anatafuta maneno hayo mawili, na jibu la kwanza analokutana nalo linamwambia aandike root kwenye qemu.conf, aanzishe huduma upya, mambo yaishe. Anaandika. Mashine inawaka. Mhasibu anacheka, M-Pesa inalia, kijana anapanda gari.

Sasa nisikilizeni. Yale maneno mawili hayakuwa hitilafu. QEMU, ambayo ndiyo programu inayoigiza ile kompyuta ya bandia, kwenye Ubuntu na Debian huendeshwa kwa akaunti yake mahsusi iitwayo libvirt-qemu. Akaunti hiyo imefukarishwa makusudi. Hakuna mtu anayeingia kwayo, haina faili za maana za kwake ila diski za mashine pepe, na haina ruhusa ya kuchungulia mambo ya mtumiaji mwingine. Nazo folda za watumiaji, tangu Ubuntu 21.04, huundwa kwa ruhusa za 750, yaani mgeni hapiti. Kwa hiyo libvirt-qemu ilifika kwenye /home ya mhasibu ikazuiwa. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotakiwa kufanya. Aliyeharibu ni yule aliyeona kizuizi akadhani ni ubovu.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Hamisha faili ya diski uipeleke /var/lib/libvirt/images, kisha tumia virsh edit kubadilisha njia ya faili katika maelezo ya mashine. Ni kazi ya dakika chache, na matatu ungeipata. Kama diski kuu imejaa na umenunua nyingine, tengeneza folda huko, mfano /srv/mashine, nje kabisa ya /home. Na kama hapana budi faili ikae kwa mtu, ipo amri ya setfacl: setfacl -m u:libvirt-qemu:x /home/mhasibu. Hiyo x peke yake huiruhusu akaunti ile kupita kuelekea kwenye faili yake, bila kusoma orodha ya vilivyomo. Wa Fedora na jamaa zake wana hatua moja zaidi, ya kuipa folda mpya lebo ya virt_image_t kwa semanage, kisha restorecon. Wengi huichukia hatua hiyo. Vumilieni.

Najua mtaniambia: Mzee, si mashine pepe imefungiwa ndani ya boksi lake? Aliyemo ndani hata akiwa mbaya atatokaje?

Hapo ndipo penye mambo. Kweli kichakataji chenyewe husaidia kujenga ukuta, na KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.20 mwezi Februari 2007, hutumia nguvu hiyo ya kichakataji. Lakini mashine si kichakataji peke yake. Windows iliyomo ndani inataka kuona diski, kadi ya mtandao, skrini, kibodi. Vyote hivyo havipo. Vinaigizwa na QEMU, nayo QEMU ni programu ya kawaida iliyoandikwa kwa lugha ya C na binadamu wanaochoka kama mimi na wewe. Kila mara Windows ile ikiandika kwenye diski yake, kwa kweli inaiambia QEMU jambo fulani, na QEMU inalishughulikia ikiwa upande wa nje, kwenye seva yako. Ikipatikana kasoro katika uigizaji huo, mtu aliye ndani anaweza kuilisha QEMU maneno yaliyopindwa mpaka QEMU ikafanya anayoyataka yeye. Akifika hapo hayumo tena ndani ya boksi. Yuko nje, amevaa akaunti ya QEMU.

Hilo lilishatokea, na mkasa wake una kichekesho. Tarehe 13 Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, nambari yake CVE-2015-3456. Aliyeigundua ni Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike. Ilikuwa katika sehemu ya QEMU inayoigiza kiendeshi cha diski za flopi, zile za plastiki za mraba ambazo wengi wenu hamjawahi kuzishika. Sehemu hiyo ilikuwa na nafasi ya baiti 512 ya kupokelea amri, na zilikuwepo amri ambazo hesabu yake haikurudishwa sifuri inavyotakiwa, kwa hiyo mtu aliweza kuendelea kumimina mpaka nafasi hiyo ikafurika. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2004. Miaka kumi na moja! Wala haikukuokoa kusema kwamba mashine yako haina flopi, maana hata ukiiondoa kwenye mipangilio, kipande kile cha programu kilibaki kinasikiliza. Wote waliokuwa wamekopa uigizaji wa QEMU waliguswa: KVM, Xen, hata VirtualBox.

Kasoro hiyo ilizibwa zamani. Nyingine zimekuja baada yake na nyingine zitakuja. Jambo la kushika katika mkasa huo ni kwamba kasoro ile ile ilikuwa na madhara tofauti kwa watu wawili. Kwa yule ambaye QEMU yake ilikuwa ikiendeshwa na root, mvamizi aliyetoka alikuwa mwenye seva papo hapo. Kwa yule aliyeiacha kwenye akaunti fukara, mvamizi alijikuta kwenye akaunti isiyo na kitu, akalazimika kutafuta kasoro ya pili ili asonge mbele. Pengine angeipata. Lakini ni kazi nyingine, na wezi wa mtandaoni, kama wa mjini, hawapendi kazi.

Nyinyi mliozaliwa Trans-Nzoia mnajua msimu wa mahindi. Mwenye mashine ya kupukuchua akija na vijana wake, unamfungulia uwanja na unampa magunia. Humkabidhi ufunguo wa kabati lenye hati ya shamba, hata kama ni mtu wa kanisani kwako, kwa sababu kupukuchua hakuhitaji hati ya shamba.

Wazo hilo limeandikwa kitaalamu tangu 1975, na Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT: kila programu iendeshwe kwa ruhusa chache kabisa zinazoitosha kumaliza kazi yake. Hata hivyo watu wa mashine pepe walichelewa kulifuata. Ilikuwa kawaida libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, kuendesha QEMU kama root, na ni katika Fedora 12, iliyotoka Novemba 2009, ndipo chaguo-msingi likabadilishwa ikawa akaunti iitwayo qemu. Kwa hiyo kijana anayeandika user = "root" leo anairudisha seva ya shule nyuma ya mwaka 2009, bila kumwambia mwenye shule.

Wapo wengine kati yenu walio wajanja zaidi. Wanasema, sawa Mzee, root nimeacha, nimeweka nobody. Jina linapendeza, linasikika kama mtu asiye na lolote. Msidanganyike na jina. Akaunti ya nobody ni ya zamani na imekuwa kituo cha kila programu isiyo na pa kwenda. NFS huwatupia humo wageni isiowatambua, na kuna huduma nyingine ambazo watu waliziweka humo kwa uvivu. Mfumo wa Linux hautofautishi programu mbili zenye akaunti moja: moja inaweza kuizima nyingine, inaweza kusoma faili zake, na mara nyingine inaweza kuchungulia hata kumbukumbu yake. Ukiweka mashine pepe za sacco kwenye nobody, umezilaza kitanda kimoja na kila mpita njia. Akaunti iwe na kazi moja, na kazi iwe na akaunti yake. Ndiyo sababu mifumo imekuundia libvirt-qemu au qemu tayari. Iacheni.

Hata hapo mwenye macho ataona tundu. Mashine pepe mbili zote zikiwa chini ya libvirt-qemu, si moja inaweza kuigusa diski ya nyingine? Ingewezekana, kama si SELinux kwenye Fedora na AppArmor kwenye Ubuntu. Libvirt huipa kila mashine lebo au wasifu wake inapowaka, hivi kwamba ile ya maktaba haiwezi kufungua diski ya ile ya karo ijapokuwa akaunti ni moja. Xen nao wana njia yao, ya kutenga nambari za watumiaji ili kila mashine iweze kupewa yake. Sasa kuna njia nyingine ya mkato, ya kuuzima ulinzi huo, ambayo naichukia kuliko zote: setenforce 0, au security_driver = "none". Nikikuta hivyo viwili pamoja na root, siulizi tena. Nachomoa waya wa mtandao kwanza, salamu baadaye.

Kuna jambo la kundi la libvirt ambalo hata walimu wenu hulipita haraka. Unaletewa mwanafunzi wa atachi kutoka Kitale Poly, unataka aweze kuwasha na kuzima mashine bila kukuita, unamwongeza kwenye kundi hilo. Sudo hujampa, kwa hiyo unadhani umemdhibiti. Fikiri tena. Aliye kwenye kundi hilo, kwa mipangilio ya kawaida, anaweza kuunda mashine pepe mpya na kuiambia kwamba diski yake ni /dev/sda, yaani diski ya seva yenyewe. Anaiwasha kutoka kwenye CD ya uokoaji, anafungua diski, anabadilisha nywila ya root, anazima. Ruhusa ya kundi hilo ni sawa na root isiyo na nywila. (Kundi la docker ni vivyo hivyo, na huko ndiko mnakoongeza watu kama mnagawa peremende.) Mwanafunzi anayejifunza mwache atumie qemu:///session. Hapo mashine zake zinaendeshwa kwa akaunti yake mwenyewe, na akiharibu anajiharibia. Mtandao wake utakuwa na mipaka, lakini wa kufanyia mazoezi unamtosha.

Kwa wenye VirtualBox sina maneno mengi: msiiwashe kwa sudo, hata siku moja. Na ile folda ya kushirikiana iwe folda ndogo ya kazi hiyo, isiwe /home nzima.

Ndani ya mashine pepe zenyewe pia kuna akaunti za chaguo-msingi, na walimwengu wamejifunza kwa uchungu. Kali Linux, mnayoipenda kwa sababu ya picha ya joka, kwa miaka mingi ilikuwa ikimwingiza kila mtu kama root. Toleo la 2020.1 liliacha, likaleta mtumiaji wa kawaida. Raspberry Pi nao waliondoa akaunti ya pi kwenye mfumo wao Aprili 2022, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inaijua na nywila yake. Masanduku ya Vagrant bado huja na mtumiaji vagrant, nywila vagrant. Kwenye kompyuta yako ya mazoezi ni sawa. Kwenye seva ya watu badilisha kabla hujaunganisha waya.

Nanyi mlioajiriwa kwenye hospitali na kampuni zenye VMware, msijione mmepona. Julai 2024 Microsoft walieleza kasoro ya ESXi, CVE-2024-37085. Mashine ya ESXi iliyounganishwa na Active Directory ilikuwa ikilipa mamlaka kamili kundi lolote lenye jina ESX Admins. Jina tu! Kundi hilo halikuwepo kwa kawaida, na hakuna aliyehakiki nani ameliunda. Mvamizi aliyepata uwezo wa kuunda makundi aliunda la jina hilo, akajiingiza mwenyewe, akawa bwana wa mashine pepe zote kwa mpigo, na magenge ya kufunga data ili kudai fidia yaliitumia njia hiyo. Hapo hakukuwa na kijana mvivu aliyeandika mstari mbaya. Chaguo-msingi lilitoka hivyo kiwandani. Kwa hiyo nasema chaguo-msingi zuri litunzeni, ila msiliamini kabla hamjalisoma.

Mtaniuliza nani atajisumbua na shule ya Saboti. Hakuna atakayejisumbua. Zipo programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha kila anwani, nazo hazijui Saboti wala Singapore. Na mara nyingi hazihitaji hata kubisha, maana mhasibu mwenyewe atafungua kiambatisho cha barua pepe kinachosema risiti ya karo, ndani ya Windows isiyopata marekebisho, akiwa ameingia kama Administrator kwa sababu programu yake ya zamani haikubali vinginevyo. Chukulieni kwamba ile Windows ya ndani itatekwa siku moja. Mimi huanza hesabu zangu hapo. Swali linalobaki ni akaunti gani imeishikilia kutoka nje.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inadai ulinzi ujengwe tangu kwenye ubunifu na uwe ndio chaguo-msingi. Wabunge wetu walilitaja jambo hili hasa ninalolisema. Kifungu cha 43 kinampa mdhibiti wa data, yaani shule au sacco yenyewe, saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data akigundua kwamba taarifa za watu zimevuja na kuna hatari kwao. Adhabu anayoweza kutozwa inafika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo. Kwa sacco ya hapa kwetu si mchezo. Ndani ya seva ya sacco mna nambari za vitambulisho, mikopo, wadhamini, na nakala za hati za mashamba, katika kaunti ambayo watu wamekatana mapanga kwa ajili ya mipaka. Mwenyekiti ndiye atakayeitwa Nairobi, kweli, lakini akirudi atauliza nani aliyeweka mashine hii, na risiti ya M-Pesa ina jina lako.

Basi mwende mkaangalie. Kwenye kila seva uliyowahi kuigusa andika ps -eo user,args | grep '[q]emu-' na usome safu ya kwanza. Ukiona libvirt-qemu, au jina lake likiwa limekatwa mwisho, au qemu, funga uende. Ukiona root, panga Jumamosi ambayo ofisi haina wateja. Zima mashine pepe kabisa kwa virsh shutdown, kisha chukua nakala rudufu ya diski. Hamisha faili mahali pake, rudisha alama ya # mbele ya ule mstari, na wa group pia kama uliuandika, kisha anzisha huduma ya libvirt upya. Halafu iwashe tena mashine pepe. Kuibonyeza Restart ndani ya Windows hakutoshi, kwa kuwa QEMU iliyoanza na root itabaki na root mpaka izimwe. Ikiwaka, libvirt yenyewe itaikabidhi faili ya diski kwa akaunti inayostahili. Angalia safu ile ya kwanza mara ya pili kabla hujafunga kompyuta. Na mhasibu msimtoze ada ya kazi hiyo, alishailipa.